Risasi ya Kumlaza Nguruwe Upande Wetu wa Masale

Mkiniuliza kazi yangu ilikuwa nini, nitasema nililinda mahindi. Hapo wengi wenu huangalia pembeni. Mkiuliza nililinda kwa kutumia nini, nikajibu kwa gobore, ndipo mnaposogeza viti. Basi sogezeni, lakini msitegemee hadithi za simba. Miaka yote niliyobeba gobore la kijiji huku Masama, adui yangu wa kwanza alikuwa nguruwe pori, na wa pili alikuwa ushauri wa majirani.

Gobore, kwa ninyi mliowahi kuliona ukutani tu, ni bunduki inayolishwa kwa mdomo. Unamimina baruti ndani ya mtutu, unatia risasi iliyovishwa kitambaa, unashindilia kwa mdeki, ile fimbo ndefu ya chuma, kisha unaweka fataki na kuvuta. Unapata mlio mkubwa na moshi mwingi, na kwa kitambo hujui umepiga nguruwe, kisiki, au umeupiga mlima wenyewe. Ukikosa, nguruwe ana nafasi ya kumaliza bua lake na kuondoka kwa heshima kabla hujashindilia nyingine. Ndiyo maana nasema kazi yote iko kwenye ile risasi moja, na risasi hiyo unaichagua nyumbani, ukiwa umekaa, siyo shambani ukiwa unatetemeka.

Sikupewa kazi hii kwa ushujaa. Kijiji kilipata kibali cha gobore kutoka kwa bwana nyama, ofisa wa wanyamapori wa Bomang'ombe, na mkutano ukaitwa kuamua nani atalibeba. Wanaume wote wakasimama kujieleza. Mmoja alieleza jinsi alivyomkimbiza chui kwa fimbo, na mwingine akaeleza jinsi alivyomwona huyo wa kwanza akikimbia mbele ya chui. Mimi nilikuwa kijana mwenye haya, nimemaliza darasa la saba, nimekaa nyuma karibu na mlango ili nitoke bila kuagana na watu. Mwenyekiti akanyoosha kidole.

"Remi. Huyu haongei. Nguruwe hawatamsikia."

Watu wakacheka, na kicheko chao kikawa ndiyo barua yangu ya ajira.

Aliyenifundisha ni Mzee Aloisi, mzee mfupi aliyekuwa amelinda mashamba kwa gobore tangu enzi ambazo hakupenda kuzitaja. Somo lake la kwanza halikuhusu kulenga. Alinipa mdeki, akaniambia niutie mtutuni hadi chini gobore likiwa tupu, nikwangue alama pale unapoishia. Kisha tukajaza, akaniambia nikwangue alama ya pili. "Kila ukijaza, alama ya pili ifike mdomoni," alisema. "Ikibaki juu, risasi imekwama njiani, na gobore litapasuka usoni pako. Estomihi wa kule juu alidhani ni mapambo." Nilimfahamu Estomihi. Alikuwa hana nyusi, na kwa muda mrefu nilidhani amezaliwa hivyo.

Kuhusu cha kutia mtutuni, Mzee Aloisi alikuwa ameona mengi. Miaka ya uhaba, wakati sabuni yenyewe ilikuwa habari, watu walitia chochote kilichoingia: vipande vya nondo, miguu ya chungu cha chuma, kokoto za mtoni. Kuna mtu alitia vifungo vya koti la marehemu baba yake. Alimpiga nyani, nyani akakaa chini akajichunguza, akaokota kifungo na kukiangalia. "Alikosa uzi tu," Mzee Aloisi alikuwa akisema, na hakucheka.

Halafu biashara ikafunguliwa, na kila kitu kikaja kwa wakati mmoja. Magari yaliyotumika, baiskeli, mitumba, redio. Na vilipoingia vyuma, na vyuma chakavu vikaingia. Hapo ndipo goroli zilipokuwa mtindo, zile za duara zinazotoka kwenye beringi za magari. Kila kijana alikuwa nazo mfukoni. Zilikuwa duara kamili, ngumu, zinang'aa. Ukimwonyesha mtu goroli na risasi ya kuyeyusha, ile ya madini laini yenye rangi ya majivu, atachagua goroli kama anavyochagua mchumba kwenye picha.

Nami nilichagua goroli. Na aliyenipa ni Kalisti.

Hapo inabidi niwaeleze kuhusu shamba. Mnajua kwetu mtu ana kihamba huku juu, migomba na kahawa, na ana shamba la mahindi kule chini karibu na tambarare. Miaka ile kahawa ilikuwa imeacha kulipa. Watu walikuwa wanaing'oa na kuiweka jikoni. Kwa hiyo shamba la chini ndilo lililokuwa linalisha nyumba. Mama Manka alikuwa mjane mwenye watoto wanne, na mumewe alimwachia shamba la chini kando ya korongo. Upande wa pili wa korongo lilikuwa shamba la shemeji yake, Kalisti, kaka wa marehemu. Mpaka ulikuwa mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo mababu waliipanda kugawa ardhi. Nyumba ya Mchagga utaisogeza, lakini isale la mpaka hulisogezi. Mstari ulikuwa upande wa Mama Manka, kwenye ukingo. Korongo lenyewe lilihesabiwa la Kalisti.

Kalisti alikuwa analitaka lile shamba, na hakuwa mtu wa kuficha. Nguruwe walikuwa wameshakula nusu ya mahindi ya Mama Manka, na Kalisti alikuwa anazunguka kwenye vilabu vya mbege akisema, "Shamba linalolisha nguruwe siyo shamba, ni zizi. Ukoo ulichukue kabla halijazaa watoto wa nguruwe."

Ukoo ulipanga kukaa baada ya mavuno kuamua. Kama Mama Manka angeonekana ameshindwa kulishika shamba, lingerudi kwa wanaume, na yeye angerudi kwao na watoto wake. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa, na ndivyo nilivyoitwa.

Siku ninashuka na gobore, Kalisti alinikuta njiani, akanishika mkono kwa upendo ambao sikuuzoea.

"Remi, meku, mzee wangu, unatia nini humo?"

"Nilitaka kuyeyusha…"

"Achana na mambo ya wazee. Chukua hizi." Akanimiminia goroli kiganjani. "Chuma cha Mjapani. Kinaingia huku, kinatokea kule."

Alisema kweli. Asubuhi, kwenye ukungu, nilimpiga nguruwe jike mkubwa ubavuni, karibu kabisa. Goroli iliingia huku ikatokea kule. Nguruwe naye akafanya hivyohivyo: alitoka shambani kwa Mama Manka, akapita kwenye masale, akashuka korongoni, akapanda ng'ambo, na akafa katikati ya mahindi ya Kalisti.

Sasa, kwetu mnyama wa porini ana kanuni yake. Hagawi aliyempiga. Anagawa mwenye shamba alipolala. Mwenye shamba ndiye anayekata, ndiye anayesema mguu huu wa fulani na ini hili la fulani, na kila anayepokea analazimika kusema mbele ya watu, "Nimepokea kwa mwenye shamba." Ni maneno mafupi, lakini watu huku hawayasemi ovyo. Ukishayasema, umekubali ardhi ile ni ya nani.

Kalisti aligawa kwa sauti ya padri. Wazee wakapata chao, jirani wakapata chao, mimi nikapata miguu ya mbele, na Mama Manka akaletewa kipande cha shingo. Alikuja kukipokea na kanga yake kichwani, mbele ya watu, akasema yale maneno. Kalisti akaongeza juu yake: "Umeona, shemeji? Hata nguruwe anajua shamba la mwanamume ni lipi."

Watu walicheka. Mama Manka hakucheka wala hakulia. Alikuja nyumbani kwangu jioni ile, akakataa kiti.

"Remi, wewe unalinda mahindi ya nani?"

"Ya kwako, mama."

"Basi mbona umemwinda kwangu ukamfikisha kwa Kalisti, kama mtu anayempeleka bibi harusi?" Akaisogeza kanga kichwani. "Sikiliza. Mimi siogopi njaa. Naogopa kile kikao. Nataka nguruwe mmoja tu alale kwangu. Mmoja. Waliobaki nitawafukuza mwenyewe kwa kupiga sufuria."

Nilikwenda kwa Mzee Aloisi na goroli zilizobaki. Alikuwa anapogoa migomba. Hakuzigusa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hizo ndizo zilizompeleka?"

"Ndizo."

"Wewe ulitaka nguruwe apite au abaki?"

"Abaki."

"Basi mbona ulitia kitu cha kupita?"

Halafu akaweka panga chini akanifundisha, na ninachowaambia sasa ni maneno yake, mimi nimeyapunguza matusi. Kitu kigumu kikimwingia mnyama kinabaki na umbo lake, kinatoboa tundu dogo na kutoka na nguvu zake zote bila kumwachia chochote. Mnyama anajua ameumia lakini hajui kama amekufa, na kabla hajajua yuko kijiji kingine. Kitu laini kikigonga nyama na mfupa kinatanuka, kinapasua njia pana, kinaishia ndani. Nguvu zote anabaki nazo yeye. Tena goroli inakwaruza mtutu kila inapopita, na ikigonga jiwe inarudi na hasira. Risasi laini ikigonga jiwe inalala hapohapo.

Sikumwamini. Tukapiga kisiki cha mgrevilea, goroli moja na risasi moja aliyokuwa nayo mfukoni. Tukachimba kwa panga. Goroli ilikuwa mbali ndani, inang'aa kama ilivyotoka dukani, haina habari. Risasi ilikuwa imefunguka kama uyoga na kuvunjavunja mbao pande zote. Niliishika bado ina joto. Baada ya hapo sikubishana tena na yule mzee, isipokuwa kuhusu mpira.

Shida ikawa risasi yenyewe, yale madini laini, ipatikane wapi. Nilishuka Moshi kwa Salimu, fundi wa pancha karibu na stendi, Mswahili wa mjini mwenye maneno mengi na mkono wa kutoa. Alinipa vile vipande vinavyobanwa kwenye rimu ili tairi lisicheze barabarani. Nikakwangua kwa ukucha kama Mzee Aloisi alivyonielekeza. Ukucha uliteleza.

"Hizi ngumu," nikasema.

"Ngumu! Kwani unataka kula?"

"Nataka ikwanguke kwa ukucha. Na ukiiangusha kwenye jiwe isilie. Ikilia, imechanganywa na madini mengine."

Salimu alinitazama, akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na lakiri za risasi, zile zilizokuwa zikifungia milango ya mabehewa ya treni. Baba yake alikuwa kuli pale stesheni, na alikuwa akiziokota bila sababu, kama wazee wengine wanavyokusanya vizibo. Treni zilikuwa zimekuwa chache, malori yamechukua mizigo, na hakuna aliyezitaka. Nikakwangua. Ukucha ukaacha mstari. Nikaangusha moja sakafuni, ikafanya *tu*, kama donge la ugali.

"Ndizo," nikasema.

"Unapigia nini, kwa uchaguzi wote huu?"

"Nguruwe."

Akavuta mkono wake nyuma. "Astaghfirullah. Chukua kopo lote. Na ukishampiga, usiniletee hata shukrani."

Kuyeyusha ni kazi ya nje, upepo ukiwa mgongoni kwako, maana ule moshi wake ni sumu. Na usitumie sufuria ya nyumbani. Mke wangu alishanionya kwa maneno ambayo yangeyeyusha risasi bila kuni. Nilitumia upawa wa zamani uliotoboka, nikauziba. Kalibu, yaani kile chombo cha kuipa risasi umbo, kilikuwa cha Mzee Aloisi, cha chuma, vipande viwili vinavyokutana. Unakipasha joto kwanza. Kikiwa baridi, risasi inatoka na makunyanzi kama uso wa mtu aliyeamshwa. Na tone moja la maji likiingia kwenye risasi iliyoyeyuka, itaruka mpaka usoni, kwa hiyo jasho lako lifute kabla hujainama.

Kisha unachagua, na kuchagua ndiko kazi ilipo. Nilizibingirisha moja moja juu ya kipande cha kioo. Inayoyumba ina tundu ndani, irudishe motoni. Yenye mkunjo, irudishe motoni. Mbili ukizipima mikononi na moja ikawa nyepesi, usiionee huruma. Mzee Aloisi alikaa pembeni akinywa mbege na kila niliyomwonyesha alisema "rudisha", hata ambayo sikuona kasoro yake. Mwisho nilimuuliza ina tatizo gani.

"Haina," alisema. "Nilitaka nione kama unaweza kurudisha nzuri. Anayeshindwa kurudisha nzuri, siku moja ataitetea mbaya."

Na ukubwa. Risasi iwe ndogo kidogo kuliko mtutu, ivishwe kitambaa, iingie kwa kusukumwa na kidole gumba halafu mdeki. Ikiingia yenyewe kama mbuzi zizini, ni ndogo mno, itayumba. Ikihitaji nyundo, ni kubwa mno, na wewe utafanana na Estomihi. Kitambaa kiwe pamba. Mitumba ilipoingia tulipata fulana nyingi, lakini nusu yake ni nailoni, inayeyuka na kugandia mtutuni. Mke wangu alijua msimu wa nguruwe umefika kwa kuangalia mashuka yake yamefupishwa upande gani.

Nilikaa asubuhi kadhaa kwenye shamba la Mama Manka bila kuona kitu. Asubuhi moja, ukungu ukiinuka, nikasikia bua likivunjika. Ng'ambo ya korongo nikasikia kitu kingine: kisu kikinolewa kwenye jiwe. Nikainua kichwa. Kalisti alikuwa amekaa upande wake, na gunia kubwa magotini, na vijana wake wawili. Alinipungia mkono.

"Taratibu, Remi! Sisi tunamsubiri huku!"

Dume likatoka kwenye mahindi, kubwa, lina nywele za mgongoni zimesimama, likaelekea moja kwa moja kwenye masale. Mama Manka alikuwa nyuma yangu. Sikumwona, nilisikia tu pumzi yake imesimama. Nikalenga begani, chini kidogo, pale moyo unapokaa. Nikavuta.

Moshi. Sikuona chochote. Nilisikia Kalisti akipiga makofi na kusema, "Anakuja! Anakuja!"

Moshi ulipopungua, dume lilikuwa bado linatembea. Lilitembea kama mtu aliyesahau alichokuwa anakwenda kuchukua. Likafika kwenye masale, likaweka kifua juu ya jani, likasimama. Nilishika mdeki nijaze tena. Kisha magoti yake ya mbele yakakunjika, likalala, zima, mwili na kichwa, upande wetu. Jani moja la isale lilipinda, likarudi likasimama.

Kalisti alipanda korongo akihema. Aliinama akapima kwa macho.

"Pua imegusa mpaka," alisema.

Mzee Aloisi, aliyekuwa amefika kwa kusikia mlio, akamwambia, "Basi chukua pua."

Mama Manka aligawa. Alikuwa hajawahi kugawa maishani, maana ni kazi ya wanaume, lakini kanuni haikusema mwenye shamba awe na ndevu. Wazee walipata chao, jirani wakapata chao. Kisha akakata kidari, nyama ya heshima yenye mafuta, akakiweka kwenye jani la mgomba, akakipeleka mwenyewe kwa Kalisti kwa mikono miwili.

"Shemeji, wewe ni mkubwa wetu."

Kalisti alikiangalia kidari. Mjue alikuwa mtu anayependa kidari kuliko alivyopenda ardhi, na watu wote waliokuwepo walijua. Alimeza mate. Akakipokea. Na kwa kuwa wote tulikuwa tunamtazama, akasema haraka, "Nimepokea kwa mwenye shamba."

Alikuwa ameshageuka aende zake ndipo alipoyasikia maneno yake mwenyewe. Alisimama kidogo, gunia begani, halafu akaendelea. Nyama ilikuwa imeshaingia kwenye gunia.

Kikao cha ukoo kilikaa kwa Mama Manka baada ya mavuno. Yalikuwa mavuno ya nusu, magunia machache yamepangwa ukutani. Mimi niliitwa kama shahidi, nikakaa karibu na mlango. Kalisti alizungumza kwa muda mrefu kuhusu marehemu, kuhusu ukoo, na kuhusu wanawake. Alipomaliza, mzee wa ukoo, aliyekuwa ameonekana kama amelala, akafungua jicho moja.

"Kalisti. Kidari ulikipokea kwa nani?"

"Kilikuwa kidogo, mzee."

"Sijauliza ukubwa."

Mtu akakohoa. Kalisti akaangalia magunia, akaangalia mabati, akaangalia viatu vyake.

"Kwa mwenye shamba," alisema.

"Basi tunywe," mzee akasema, na akafumba jicho lake.

Mama Manka akainuka kwenda kuchota mbege. Alipopita mlangoni nilipokaa, akainama kama anaokota kitu.

"Remi, kuna kundi la nyani limeanza kuteremka kwangu. Nyani haliwi, kwa hiyo Kalisti hatakuja kukusumbua."

Mbege ilipofika nikamaliza kata yangu, nikaaga, nikaenda kuwasha moto wa kuyeyushia. Nyani anataka risasi ndogondogo, kadhaa kwa mpigo mmoja.